Karafuu za Fedha kwenye Khanjari ya Aflah

Darsait, Maskati
12 Machi 1998

Kwa Bwana Suud bin Marhoon,
Mwenye duka la khanjari, Matrah.

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, nakuandikia kama mteja, si kama shangazi yako. Shangazi yako angekupigia simu akakutukana. Mteja anaandika kwa adabu.

Malalamiko yangu yanahusu neno moja, lile la Kizungu ulilolibandika kwenye kioo cha duka: “kastam”. Mie kastam niijuayo ni ile ya bandarini wanakofungua watu mizigo, nikadhani khanjari zako zilikamatwa kisha zikaachiwa. Ukacheka. Ukanambia, “Sivyo, shangazi. Maana yake ni ya oda. Mtu mmoja, khanjari moja. Hutaiona kwengine.” Na mkono ukauweka kifuani.

1. Nilikueleza kwamba mwanangu Aflah anaoa Qurum, kwa watu wenye nafasi zao, na kwamba marehemu baba yake alizaliwa Pemba kwenye mikarafuu. Kwa hivyo nilitaka mpini uzungushiwe karafuu ndogo ndogo za fedha. Ulimpima Aflah kiuno. Uliuliza hata jina la shamba. Nilitoka dukani nnalia. Machozi yale, Bwana Suud, yalikuwa ya oda.

2. Siku ya akdi, mpiga picha alikuwa na karafuu kiunoni. Ami yake bibi harusi alikuwa na karafuu. Hata aliyeleta halwa alikuwa na karafuu. Ungedhani shamba zima la marehemu limehamia Maskati.

3. Hayo ningeyameza. Lakini kabla ya kufungwa ndoa, baba yake bibi harusi, Bwana Salem, alijipapasa kiunoni, hakuona kitu. Akamtazama Aflah. Akamsogelea, akamwambia kwa upole, “Samahani, mwanangu, nahisi umevaa khanjari yangu. Ile ni kastam, niliifanyiza mwenyewe.” Aflah unamjua kwa haya zake. Atabishana vipi na mtu ambaye bado hajampa binti? Akaivua, akamkabidhi kwa mikono miwili. “Niwie radhi, ami.” Akaoa na mkanda mtupu, mbele ya watu wote wa Qurum. Habari ilipotufikia upande wa wanawake, nililazimika kupiga vigelegele na huku meno nimeyauma. Jaribu, uone kama ni jambo jepesi.

4. Kesho yake Bwana Salem aliiona khanjari yake chini ya kiti cha gari. Hakumtuma dereva. Alikuja mwenyewe mpaka hapa Darsait, khanjari mbili kazifunga kwenye kitambaa, akasimama mlangoni. “Bi Masouda, nimemvua bwana harusi mbele ya watu. Usiku kucha sikulala. Nisameheni, wewe na yeye.” Mtu wa cheo chake sijapata kumwona akiomba radhi hata hajakaribishwa kukaa. Aflah akambusu kichwa, yakaisha. Ikabaki kujua ipi ni ya nani. Tukaziweka mezani, tukazigeuza, tukazipima. Nikavaa miwani. Yeye yake kaisahau, nikamwazima yangu. Chai ikapoa. Mwishowe akachukua moja kwa kubahatisha. Mpaka leo siwezi kuapa kuwa khanjari ya mwanangu ni ya mwanangu.

5. Kwa hivyo, nnataka neno hili lipewe maana, na maana yenyewe iandikwe hapo hapo kwenye kioo. Kitu cha kastam ni kile ambacho fundi anamjua mwenye nacho, anamjua na marehemu wake, na hakimfai mtu mwengine yeyote hata akipewa bure. Ama khanjari ulizokwisha kuziuza, uzipitie nyumba kwa nyumba. Kila mwenye karafuu aulizwe babu yake kazaliwa shamba gani. Akishindwa kujibu, zing’olewe. Mpiga picha aanziwe yeye.

6. Na kama hilo huliwezi, basi wote wenye khanjari hizo uwatangaze kuwa ndugu zake Aflah, uniletee majina yao, kwani itanibidi niwapikie sikukuu.

Nnangoja jibu kwa maandishi. Simu sitaipokea. Nisalimie mkeo Balqees, watoto, na baba yako, mwambie yule nguru aliyeniletea alikuwa mtamu.

Mteja wako,
Masouda binti Sleiman

Tanbihi: Suud, mwanangu, barua hii ilikuwa bado sijaitia katika bahasha, Bwana Salem akaja tena jana. Anahisi labda tulibadilishana. Maskini, tangu afiwe na mkewe hana mtu wa kumtazamia mambo kama haya. Tukavaa miwani kwa zamu, binti yangu Khole akatuchemshia chai mara mbili, na hatukupata yakini. Atarudi Ijumaa. Kwa hivyo khanjari usizitie alama, wala kioo usikiguse. Na kama imebaki ya karafuu dukani, nifichie. Hizi mbili, nachelea tunakaribia kuzitambua.