Mtoto Wangu Anayesoma Haja za Watu

Kwa Mheshimiwa Gasore, Prezida wa Komite ya Afya ya kijiji chetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa mama wa nyumbani mwako. Mimi ni Nabintu, mama yake Eliane, yule mulimufuta kwenye liste ya wanaojitolea wa afya. Mimi niliishia darasa la sita, lakini mtoto amenipita mbali. Alikaa miezi mitano Mbarara kwa mganga wa Kihindi, dawa zile za ayuveda, akarudi na cheti chenye picha yake na mihuri miwili. Niambie nani mwingine hapa ana mihuri miwili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mulisema anatia watu haya. Alisimama tu kwenye foleni ya maji akauliza kila mtu kwa heshima: haja yako ya leo inaelea ao inazama? Hayo ni masomo. Mwili una taka tatu, haja kubwa, mkojo na jasho, na anayezisoma anajua moto wa tumbo unawaka namna gani. Pasteri Muhire alijibu vizuri kwamba yake inazama. Waliocheka ndio wafutwe.

2. Kila mtu ana umbile lake: la upepo, la moto ao la maji. Wewe, Prezida, Eliane alikutambua ni wa upepo, na sisi tunaokaa nyuma yako mukutanoni tunashuhudia. Lakini kila mukutano komite inapika maharagwe, na wa kwanza kupakuliwa ni wewe.

3. Choo moja kwa nyumba kumi. Taka za watu wa moto zinachanganyika na za watu wa maji, mtoto atasoma nini humo? Naomba choo tatu, kila moja iandikwe mulangoni, na Eliane awekewe kiti na daftari pale nje.

4. Kwa fasi yake muliweka bibi wa kufundisha kunawa mikono. Mikono kila mtu anaiona. Wangu anaona kwa ndani.

Basi arudishwe kabla wageni wapya hawajafika kituo cha mapokezi cha Kabazana na matumbo ya safari.

Salamu kwa komite yote, hata kwa aliyeshika kalamu ya kumufuta. Eliane anasema huyo ni wa moto, apunguze pilipili.

Ni mimi, mama wa mwenye cheti,
Nabintu

N.B. Toka mumufute, hana wa kupima isipokuwa sisi. Chumvi ametunyima, sombe, majani yetu ya muhogo, amekataza, na baba yake, mwanaume wa miaka sitini, anapanda boda kila asubuhi mpaka Rwekubo ili ajisaidie bila kuulizwa. Mukimurudisha kazini, tafazali mumupe kijiji kingine.