Vitabu Viwili vya Karatasi ya Kaki

Jumatatu, 19 Januari
Shule nimemaliza, na kila mtu ana mpango na maisha yangu. Mjomba Karimu anataka Jumatatu ijayo niingie dukani kwake, kwenye bazaa la Fordsburg, niite wateja. Kuita! Mimi, ambaye kwenye teksi nashindwa kumwambia dereva "baada ya robot", yaani taa za barabarani, na hupitilizwa mitaa miwili.

Tumaini lipo. Bi Zubeda, fundi cherehani wa ghorofa ya juu yetu, ana wanafunzi sita wa darasa la kumi wanaosomea sebuleni kwake. Anatafuta kitabu cha uchumi na mtu wa kukifundisha. Jumamosi wazazi watachagua kati ya vitabu viwili. Mwenye kitabu ndiye mwalimu. Kimoja changu. Kingine cha Murielle, Mkongo wa jengo letu, niliyemaliza naye shule. Leo kanitabasamia ngazini, kauliza naanza lini kufundisha. Nyoka!

Jumanne, 20 Januari
Nimekagua silaha. Kitabu changu nakijua hata nikifumba macho, ila jalada limechanika, na bwana wa kwenye picha nilimchorea masharubu. Cha Murielle kinang'aa kama sinia la harusi. Mama kasema nipande tu nikamwambie Bi Zubeda kwamba nataka kazi. Mama haelewi ushindani.

Alhamisi, 22 Januari
Mpango! Si kila Januari watoto wa hapa huvalisha vitabu karatasi ya kaki? Nimemwandikia Bi Zubeda ujumbe (kupanda ngazi, hapana) kwamba vyote viwili vivalishwe, wazazi wapime yaliyomo, si mng'aro. Kajibu: Sharp, yaani sawa. Murielle kaleta chake mwenyewe, kasema, weye uko na akili, ma chère, mpenzi kwa Kifaransa chake. Kujipendekeza huko!

Vimevaa. Mapacha kabisa. Changu nimekitia nukta ya mafuta pembeni, kutoka kwenye vitumbua vya Mama. Ajuaye ni mimi tu.

Jumamosi, 24 Januari
Eish. Wazazi wanane. Bi Zubeda kasema, haya Tumu mwanangu, shika kimoja utuonjeshe. Nikashika chenye nukta. Nikafumba macho, nikaeleza mahitaji na ugavi kwa miavuli ya Mjomba: mvua ikianza anapandisha bei, ikikatika anabembeleza watu. Wakacheka! Baba Ishaka, mlinzi wa Hillbrow, akasema kumbe ndiyo maana hununua mwavuli akiwa keshalowa. Makofi. Wakasema wote, kitabu ni hicho hicho.

Bi Zubeda akakifungua. Kurasa mpya, jina la Murielle. Cha pili nacho kilikuwa na nukta. Nukta tatu, kusema kweli. Mama ndiye aliyevibeba kuvipandisha juu, na sahani ya vitumbua mkono wa pili.

Bi Zubeda akauliza kama nina neno. Nilikuwa nayo mengi. Nikashuka ngazi.

Jumapili, 25 Januari
Murielle kaja mlangoni. Eti kufundisha hataki, Februari anaingia chuo kikuu. Eti kitabu alikitafuta kwa ajili yangu, maana changu alishakiona kilivyo. Eti Bi Zubeda kafurahi jana, ananingoja kesho saa mbili asubuhi, nipande nimwambie ndiyo. Ndiyo tu, Tumu, kasema, hata mtoto anaweza!

Mshindi anampa mpinzani ushindi bure? Kitabu changu chasema kila kitu kina gharama yake, ukurasa wa nne. Nimemshukuru kwa adabu. Nimefunga mlango. Hanipati.

Jumatatu, 26 Januari
Bazaa. Nimesimama nyuma ya ndoo za plastiki. Mjomba kauliza, mwanangu, unaita wateja au unasali?

Saa nne kapita Bi Zubeda. Kanunua mwavuli, na jua lote hili. Kasema watoto sita wameketi wanautazama mlango. Niseme neno moja, tuondoke pamoja. Mjomba mwenyewe kaniambia nenda.

Hapo ndipo nilipojua nimewashika. Sikujibu. Kitu kikiadimika, thamani yake hupanda: ukurasa wa tisa. Nikikaa kimya wiki moja, bila shaka watanibembeleza.

Ndoo zimependeza leo. Hakuna aliyenunua.