Dang'a ya Mtoto wa Alpaka

Jumatatu, 6 Mei 1974
Habari njema! Bwana Lindkvist, mkuu wa bustani yetu ya wanyama, katangaza: kati yangu na Muriuki, mmoja atabaki mwaka mzima kutunza alpaka, wale wanyama wa sufu jamii ya ngamia. Mwingine atarudi nyumbani Juni. Muriuki ni Mkenya, haongei, huandika kila kitu daftarini. Anishinde kwa daftari? Thubutu! Nimepeleleza. Mzee Lindkvist anapenda kupindukia kalvdans, pudini ya Kiswidi inayopikwa kwa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Na kwenye friza ya zizini kuna chupa mbili za dang'a. Zimekaa tu.

Jumanne, 7 Mei
Tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, hadi Farsta, kwa dada Paskalia, mwanafunzi wa uuguzi mwenye oveni. Akauliza chupa zote mbili za dang'a nimezitoa wapi. Nikasema dukani. Akauliza tangu lini dang'a ikauzwa dukani, kaka Evodius? Nikajikohoza. Sukari, mdalasini, saa nzima motoni. Imeganda vizuri mno!

Jumatano, 8 Mei
Ushindi! Mzee kala sahani tatu, kafumba macho, kasema inamkumbusha marehemu mama yake. Muriuki kakataa hata kuonja. Kaniuliza kama nimesoma karatasi iliyobandikwa kwenye friza. Wivu huo. Nikaenda kuisoma. Dang'a ni akiba ya mtoto wa alpaka ambaye mama yake hana maziwa. Asipoinywa mapema siku ya kwanza, mwili wake hautakuwa na kinga. Hee! Lakini Rosita, alpaka wetu mwenye mimba, ana katumbo kadogo tu. Bado sana.

Alhamisi, 9 Mei
Rosita kazaa saa tatu asubuhi. Chuchu kavu kabisa! Mzee akaniamuru nilete chupa upesi. Nikakimbia polepole, nikiwaza. Dang'a ni ya njano. Maziwa ya dukani ni meupe. Binzari ninayo kabatini. Basi! Nikajaza chupa, nikakoroga. Rangi ikapendeza kuliko ya asili.

Muriuki akanusa. "Evodius, hii maziwa inanuka mchuzi."

Mzee akanusa pia. Akanitazama, kisha akatazama tumbo lake mwenyewe. Heri angenitukana! Muriuki alikuwa keshapanda baiskeli kwenda kwa mfugaji mmoja ambaye mbuzi wake wanazaa wiki hii. Akarudi na dang'a saa kumi jioni. Muda wote huo nilikaa kwenye nyasi kavu, mtoto magotini, nimemfunika koti langu. Anatetemeka. Miguu mirefu, nguvu hana. Nililia, nakiri.

Ijumaa, 10 Mei
Kasimama! Kanilamba sikio! Mzee kaanza tena kusema nami: kaniambia nioshe ndoo. Daktari wa mifugo ana wasiwasi, dang'a ilichelewa. Jumatatu atachukua damu ya mtoto na kuichanganya na dawa kwenye kichupa. Mchanganyiko ukitibuka, kinga ipo. Ukibaki angavu, hakuna, na itabidi achomwe sindano ya shingoni, aongezewe maji ya damu ya alpaka mkubwa. Bila hivyo, ugonjwa wowote mdogo utamuua. Mzee kasema kinga ikionekana, ya pudini yamekwisha, na nafasi bado ni ya kugombewa. Roho yangu juu.

Jumapili, 12 Mei
Nimemnywesha tangu alfajiri. Ananifuata kila mahali, hata chooni. Muriuki anaandika. Daktari kapita kuacha mkoba wake. Nimeufungua kidogo. Sindano yenyewe nene kama kalamu! Na shingo ya mtoto nyembamba vile! Hapana, siwezi kuvumilia ateswe. Sijawahi kumpenda mnyama hivi. Nimeomba kesho niwe msaidizi wa daktari, na kakubali. Mimi ndiye nitakayeshika kichupa wakati ananawa mikono. Tone moja tu la maziwa humo ndani, kitatibuka, na mtoto wangu sindano hataiona.