Trieste Yapewa Nane na Nusu

Fulvio Crevatin alikuwa amekaa mkahawani mbele ya kikombe kilichokwisha kahawa tangu saa tatu asubuhi, akisoma gazeti la jana la mtu mwingine, aliposikia maneno yaliyomfanya atulie kama paka aliyeona mkia wa panya.

Nyuma yake mama mmoja wa Kimarekani alikuwa akimwambia mumewe, "Miezi sita, Vern. Mahali pamoja, bila haraka. Tukikosea mji, tumekosea miezi sita."

"Mm," akajibu Vern.

"Lisbon nzuri, ila vilima. Valencia nzuri, ila kelele. Na hapa ndiyo kwanza tumefika."

Sasa, kuna watu wakisikia "miezi sita" hufikiria majira ya mwaka. Fulvio alifikiria kodi ya nyumba, ya kulipwa yote kwa mkupuo. Nyumba yenyewe hakuwa nayo, lakini hilo halikumtisha. Katika miaka yake thelathini ya kazi alikuwa ameuza boti zisizo zake, tiketi za tamasha lisilokuwapo, na siku moja makaburi mawili yenye kutazama bahari, kwa bwana mmoja wa Klagenfurt aliyekuwa na afya njema kabisa.

Alitoa mfukoni beji ya kwaya ya wastaafu wa bandari, akaibana kifuani, akageuka.

"Samahani, sinyora," alisema kwa Kiingereza alichojifunza akiwa mhudumu wa meli za abiria. "Sikukusudia kusikia. Mimi ni Crevatin, wa Jumuiya ya Wageni Wakaaji. Nasikitika kuwaambia kwamba Trieste haichaguliwi. Trieste ndiyo inayochagua."

"Inachaguaje?" akauliza yule mama.

"Kwa utulivu wa mtu. Wiki iliyopita tulimkataa Mswisi mmoja. Mtu mzuri, pesa anazo, lakini alikuwa anatembea haraka mno."

Mama alicheka, akajitambulisha. Aliitwa Marlys Tollefson, mwalimu mstaafu kutoka Duluth, kule Minnesota. Mume wake Vern, mrefu kama nguzo ya simu, alikuwa fundi wa matrekta ya theluji. Miaka kumi na miwili nyuma walikuwa wamezunguka Ulaya kwa basi, nchi saba kwa siku tisa, na Venice waliiona kupitia kidirisha cha choo. Walikuwa wameapa kurudi siku moja na kukaa mji mmoja tu, mpaka muuza mikate awajue kwa majina.

"Mikate!" Fulvio akaweka mkono kifuani, juu ya beji. "Nina nyumba moja ya jumuiya, ghorofa ya tatu, inatazama bahari. Muuza mikate yuko chini kabisa ya ngazi."

"Lisbon pia kulikuwa na bwana mkarimu kama wewe," alisema Marlys. "Alituacha tuionje nyumba wiki tatu, bure, kabla ya kuamua."

Fulvio aliinyoosha beji yake. "Wiki tatu? Na sisi hivyo hivyo. Ndiyo kanuni yetu."

Nyumba ilikuwa ya Kapteni Bressan, aliyekwenda Graz kwa binti yake kutibiwa nyonga na asingerudi kabla ya Krismasi. Ufunguo alikuwa nao Nevia Babich, aliyeajiriwa kufuta vumbi na kumwagilia maua. Nevia alikuwa mtalaka wa Fulvio. Waliachana, wakarudiana, wakaachana tena, na mara ya pili hata hakimu aliwaomba wafikirie muda wake.

"Hapana," Nevia alisema kabla Fulvio hajaketi.

"Sijasema kitu."

"Umekuja umechana nywele. Hapana."

Alipoelezwa kwamba nusu ni yake, aliweka chini kitambaa cha vumbi. Alipoelezwa kwamba nusu ni euro elfu sita, alikaa. "Kapteni akijua, nimekwisha," alisema. "Miaka kumi na tisa nafuta vumbi kwake. Hakuna atakayenipa tena ufunguo wa nyumba mji huu."

"Atajuaje? Watakaa siku ishirini, watapenda, watalipa Ijumaa. Jumamosi nawaambia bomba limepasuka, waende hotelini wasubiri barua ya jumuiya."

"Na barua?"

"Posta ya nchi hii inachelewa, Nevia. Kila mtu anajua."

Hivyo ndivyo familia ya Tollefson ilivyoingia nyumbani kwa kapteni, na masanduku mawili na daftari moja la kijani. Daftari lile Fulvio aliliona siku ya kwanza. Marlys aliandika ndani yake alama za kila mji: mkate, benchi, jirani, usingizi, supu. Kila kipengele, kati ya kumi.

"Valencia walipata ngapi kwenye supu?" aliuliza Fulvio, kama mtu anayeulizia tu hali ya hewa.

"Tisa. Mwenyeji wetu alikuwa anatupikia mwenyewe."

Jioni ile Fulvio alimwendea Nevia jikoni. "Unajua kupika ile supu ya jota?"

"Nimekupikia jota miaka kumi na moja, mjinga wewe."

"Nilikuwa sijali wakati ule. Sasa najali. Weka maharage mengi, na nyama iliyokaushwa kwa moshi usiibanie."

Nevia akapika. Vern alimaliza bakuli mbili, akapangusa mdomo, akafikiri kwa muda mrefu sana, kisha akasema, "Si mbaya."

Si mbaya! Fulvio hakulala. Maskini hakujua kwamba huko anakotoka Vern, mtu akiona malaika ameshuka na tarumbeta ya dhahabu husema si mbaya, na majirani humwona kama ameropoka. Yeye alisikia kile ambacho mtu wa Trieste angekisikia, kwamba supu imefeli na mji unaelekea kufeli nayo.

Akaongeza bidii. Aliwapandisha vilimani kwenye nyumba za wakulima, zile zinazotundika tawi la majani njia panda siku wanapouza divai yao, akawalisha ham na mayai hadi Marlys akalegeza mkanda. Vern akasema si mbaya. Aliwapeleka kuoga baharini mahali pale penye ukuta katikati, wanaume huku, wanawake kule, na Marlys alitoka upande wake baada ya muda wa saa tano, mwekundu kama nyanya.

"Vern!" aliita kupitia juu ya ukuta. "Haya ndiyo mapumziko ya kwanza niliyoyapata kwako tangu tufunge ndoa!"

"Si mbaya," ilijibu sauti kutoka upande wa pili.

Marlys alipodokeza kwamba Lisbon kulikuwa na mtu akipiga gitaa asubuhi chini ya dirisha, Fulvio alianza kuja kila siku saa mbili na akodiani ya marehemu baba yake. Alijua nyimbo tatu, mbili zikiwa za mazishi. Majirani walidhani anambembeleza Nevia warudiane mara ya tatu. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alimrushia maua, na siku iliyofuata, sufuria.

Mambo hayo yote yalitaka fedha. Wiki ya pili Fulvio aliuza pikipiki yake ya buluu, aliyoipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, akanunulia jiko jipya, kwa sababu lile la kapteni lilimwunguzia Marlys keki. Akapaka rangi bafu. Akatengeneza bomba lililokuwa likidondoka tangu kapteni akiwa baharini.

"Unagharamia sana watu unaokwenda kuwaibia," Nevia alimwambia akiwa ameshika ngazi.

"Huu ni mtaji."

"Mtaji! Umewanunulia mito ya manyoya ya bata."

"Marlys ana shingo mbaya, Nevia. Wewe huna huruma?"

Siku ya kumi na mbili ukaja upepo. Upepo wa Trieste unaitwa Bora, na msomaji asilisikie jina hilo kwa sikio la Kiswahili, kwa sababu hauna ubora wowote. Unashuka kutoka milimani kama shemeji aliyelewa, unapindua mapipa ya taka, na watu wazima hushikana na nguzo za taa wasizozijua. Mwezi wa Mei si msimu wake. Ulikuja tu.

Fulvio na Nevia walisimama wameegemeza migongo kwenye madirisha, wakitabasamu.

"Ni nini hicho kinacholia?" Marlys akauliza.

"Kijiupepo cha bahari," alisema Fulvio, huku kigae kikipita nje. "Madaktari wanakisifu."

Vern alivaa kofia, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi yake kama kawaida. Alirudi baada ya saa moja bila kofia, macho yanatiririka machozi, na nusu gazeti la Kislovenia limemganda shingoni. Watu watatu walimtazama. Marlys alikuwa ameshafungua daftari.

"Si mbaya," alisema Vern, akaenda kulala.

Fulvio aliingia jikoni, akakaa sakafuni. "Basi," alimwambia Nevia. "Tumekwisha. Ameuchukia mji."

Nevia, ambaye hakuwa mwanamke wa kubembeleza, alimwekea mkono kichwani kidogo. Kisha akauondoa, akamwambia asogee, yuko mbele ya kabati.

Lakini siku ya kumi na tisa Marlys alisema wamependa, na Ijumaa saa nne wangekutana mkahawani na hundi ya miezi sita. Ijumaa hiyo Fulvio alivaa suti, akaing'arisha beji. Saa nne ilipita, kisha saa tano. Saa sita alipanda ngazi mbio, akamkuta Nevia amesimama katikati ya sebule.

Vitanda vilikuwa vimetandikwa. Vyombo vimeoshwa. Mezani palikuwa na ufunguo na barua, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

"Mpendwa Fulvio, mpendwa Nevia. Tumeshindwa kuamua. Haitakuwa haki kuchagua bila kuuona mji wa Split, ambako bwana mmoja ametuahidi nyumba ya kuonja. Trieste tumeipa nane na nusu. Asanteni kwa mito. Tumeichukua."

Fulvio alisoma mara mbili. "Nane na nusu," alisema. "Ile moja na nusu imepotelea wapi?"

"Fulvio," alisema Nevia taratibu. "Hawajalipa hata senti."

"Ni watu waangalifu. Watarudi."

Wiki iliyofuata mlango wa nyumba ya kapteni uligongwa. Alisimama bwana mmoja mnene, sharubu zimepakwa mafuta, na beji kifuani. Fulvio aliitazama ile beji. Yule bwana akaitazama ya Fulvio. Zote mbili zilikuwa za kwaya.

"Amadeu Falcato, wa Lisbon," alisema mgeni kwa Kiitaliano cha kuokoteza. "Marlys aliniandikia kadi. Alisema mko wema sana hapa. Wako ndani?"

"Wameondoka."

Amadeu akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Uliwafanyia nini, ndugu yangu?"

"Jiko. Pikipiki yangu ndiyo hilo jiko. Wewe?"

"Mimi niliwapa ghorofa ya jaji mmoja aliyekuwa Brazil. Niliwatafutia mpiga gitaa. Nilijifunza kukaanga dagaa kwa ajili ya yule mwanamume, na kila siku ananiambia..."

"Si mbaya," walisema pamoja, na wote wawili wakatetemeka.

Nevia aliwaita mezani, akaleta divai, na Amadeu akaeleza yote. Alikuwa amefuatilia. Porto, Valencia, Bologna, na sasa Trieste. Miaka mitatu, miji tisa, na kila mji alikuwapo mwerevu mmoja aliyejiona anawavua wazee wa Kimarekani. Nyumba yao ya Duluth waliipangisha kwa daktari wa meno, na kodi yake ndiyo iliyowalipia treni. Hawakuwa wamelipia kitanda tangu wastaafu.

Fulvio aliitazama divai yake kwa macho ya mtu anayezikwa.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema hatimaye. "Lisbon mlipata ngapi?"

Amadeu alikohoa. "Nane."

"Nane?" Fulvio alinyooka kitini. "Nane kavu?"

"Kwani ninyi?"

"Nane na nusu."

"Haiwezekani! Mji huu? Mji ambao upepo wake unavua watu kofia?"

"Una wivu, bwana. Vilima vyenu vimewaponza."

"Vilima vyetu vina mandhari! Ninyi mna nini? Ukuta wa kutenganisha mtu na mkewe!"

"Ukuta ulipata kumi!"

Walikuwa wameshikana kola Nevia alipopiga meza kwa upawa. "Mmeliwa kama maharage, nyote wawili!" alifoka. "Mmeoshwa, mmechemshwa, mmetiwa chumvi, na mnagombea alama!"

Waliachiana. Amadeu alimaliza divai, akaomba bakuli la jota, akala kwa hasira, na kabla ya kwenda kituoni alikiri mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba hiyo nusu huenda ilitokana na supu.

Agosti ikaja kadi kutoka Split. Nevia aliileta mkahawani, akaiweka mbele ya Fulvio. Marlys alikuwa ameandika kwa herufi ndogo, nafasi imtoshe: "Split, saba. Mbu wengi, supu ya kopo, mwenyeji mkali. Trieste inaongoza. Bado hatujaamua. Tutarudi mwishoni mwa Septemba kuhakikisha, safari hii wiki sita. Vern anawasalimu."

Fulvio alisoma. Akaigeuza, akatazama picha ya bandari, akaigeuza tena.

"Wezi," alisema.

"Wezi," Nevia akakubali.

"Hawana haya hata kidogo."

"Hata chembe. Wakifika nitawamwagia maji kutoka ghorofani."

"Ya moto."

"Ya moto."

Mhudumu alipita, akaondoa kikombe. Fulvio alikuwa ameshika kidevu, akitazama ng'ambo ya barabara, juu, ghorofa ya tatu.

"Lile dirisha la chumbani linapiga kelele upepo ukija," alisema. "Ndilo lililotuangusha kwenye usingizi. Nikiliziba vizuri, tunafika tisa."

Nevia alimkazia macho kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Na mapazia," alisema, "yabadilishwe."