Lori la Gesi ya Kabichi

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa yeyote, kila mwenye koti mjini Morogoro alijiita mkurugenzi. Yunusi alikuwa na koti. Kilichokosekana ni kampuni, mpaka asubuhi moja sokoni alipoona kabichi za Mgeta zilizooza zikimwagwa. Wengine waliziba pua. Yeye alinusa utajiri.

Alishamsikia mhadhiri mmoja baa akieleza kwamba mabaki ya chakula yakifungiwa pasipo hewa, vijidudu huyachachusha yakatoa haidrojeni, gesi inayowaka. Kazi hiyo, mhadhiri alisema, inataka maabara na subira. Yunusi hakuwa na maabara, na subira aliiona ugonjwa wa maskini. Alijaza uozo kwenye pipa, nyuma yake akaficha mtungi wa gesi ya kupikia, akauunga na mpira uliotokeza kwenye pipa.

Windo lake lilikuwa Eufrazia, mchuuzi mkubwa wa mboga mwenye lori, mama aliyewapunja wakulima wa mlimani wiki nzima na Jumapili akakaa kiti cha mbele kanisani. Yunusi akamwita uani kwake, Mafiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona pananuka hivi?"

"Hiyo ndiyo dizeli ya kesho!" Akawasha kiberiti kwenye mdomo wa ule mpira. Mwali wa buluu ukaruka. Eufrazia akapiga ishara ya msalaba.

"Na lori langu litakwenda kwa uozo huu?"

"Litapanda Mgeta likiimba. Ila injini ikarekebishwe Dar. Nikirudi, wenzako wote watanunua gesi kwako, kwa bei uipendayo."

"Basi wasijue," Eufrazia alinong'ona, akimtupia funguo. "Kadi ya gari utaikuta ukirudi."

Yunusi hakujali kadi. Kariakoo alimjua fundi wa kughushi kadi, na mnunuzi wa lori pia.

Kizuizini Mikese, njiani kwenda Dar, askari alisimamisha lori. Kando yake alisimama Severini, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa Mgeta, akikagua kila lori lililopita.

"Gari la nani?"

"Langu, afande," Yunusi alijibu kwa madaha. "Mwaka wa tatu huu."

Severini akacheka kwa uchungu. "Ni mwaka wa tatu tangu liibwe kwetu. Limebadilishwa rangi tu."

Yunusi akaapa, akalia, akamtaja Eufrazia. Mama huyo, ambaye tangu aliposikia lori linasakwa alikuwa akitafuta mjinga wa kumbebesha, aliitwa kituoni. Akamtazama Yunusi kuanzia kiatu hadi koti, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Simjui, afande. Lakini kijana mtanashati hivi, anaibia wakulima! Hana hata haya?"