Kaske ya Kunyamazisha Kwaya

Riziki ya Nicodème iliingia dukani kwa miguu yake yenyewe, imevaa kofia pana na viatu vyenye samadi. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi simu mmoja mjini Mbarara, akichaji simu bila nia yoyote ya kulipia umeme, pale mzee mmoja mnene alipoegemea kaunta na kumsalimia fundi kwa sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto Rwizi.

"Fundi! Hii kitu iko hapa kwako?"

Alikuwa anaonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa kaske ya rubani, yaani ile hedfoni kubwa inayofunika masikio yote, yenye kijiti cha kipaza sauti kinachofika mdomoni. Fundi akatikisa kichwa.

"Banange! Natafuta Mbarara yote. Kampala wanataka milioni nne na nusu. Kwa masikio mawili tu!"

Mzee huyo aliitwa Katsigazi, mfanyabiashara wa maziwa wa Bwizibwera. Watu walisema maziwa yake hubatizwa kwa maji alfajiri kabla ya kwenda sokoni, na ubatizo huo ndio uliomnunulia kindege cha viti viwili cha kujistarehesha nacho siku za Jumapili. Kukirusha alijifunza vizuri. Shida ilikuwa kelele. Akiruka saa moja, masikio yanamlia hadi Jumanne, na mkewe Prudence analazimika kumwambia kila jambo mara tatu, ya tatu kwa hasira. Basi akasoma mtandaoni mpaka akawa profesa wa masikio. Alijua kwamba kuna kaske za sponji tu, na kuna zenye betri ambazo husikiliza ngurumo ya injini na kuizima. Alikuwa na daftari zima la maswali: uzito wake, betri inakaa muda gani, inabana kichwa au haibani, ina plagi mbili au moja. Kitu pekee ambacho hakikuandikwa humo ni nia ya kulipa bei inayotakiwa.

Nicodème alikuwa na masikio mawili kama watu wengine, ila ya kwake yalikuwa kazini muda wote. Alikuwa Mrundi wa miaka thelathini na kitu, mkimbizi wa kambi ya Nakivale, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi hata wiki ambayo nyumbani hakuna mkaa.

"Patron," alisema akiinuka taratibu, "hiyo kaske ninayo. Imetoka kwenye ndege ya wakubwa. Shemeji yangu anafanya kazi huko."

Macho ya Katsigazi yakang'aa. "Ni ya wizi?"

"Hapana, patron. Ilianguka."

"Ilianguka kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye orodha."

Jibu hilo lilimridhisha mzee kabisa. Hata hivyo alifungua daftari. "Inazima injini?"

"Injini?" Nicodème alicheka kwa huruma. "Injini inazimwa na kaske yoyote. Hii inazima watu. Unabonyeza hapa, mtu anachezesha midomo mbele yako, wewe husikii kitu."

Nadhani Katsigazi alimfikiria Prudence. Nadhani pia aliwafikiria wafugaji wanaompigia simu kila asubuhi kuuliza malipo ya maziwa yao. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Bei?"

"Milioni mbili, kwa sababu ni wewe."

"Lakini mimi hapana nunua kitu kwa mdomo. Nataka kujaribu."

"Njoo Rubondo, kule kambini, Jumamosi, patron. Huko kuna kwaya ya Wakongomani. Kaske ikinyamazisha kwaya ile, hakuna binadamu atakayeishinda."

Kaske yenyewe ilizaliwa siku mbili baadaye. Nicodème alinunua sokoni vile vifuniko vya masikio wanavyovaa watu wa kutengeneza barabara, akavipaka rangi nyeusi, akabandika kijiti cha kipaza sauti kutoka kwenye hedfoni mbovu, na pembeni akafunga kitaa cha kijani cha tochi chenye swichi yake. Nyuma aliacha nyaya mbili zenye plagi, kwa kuwa kwenye picha zilikuwa mbili. Kifaa hicho hakikuweza kuzima hata mbu. Ndiyo maana alihitaji kwaya.

Kiongozi wa kwaya aliitwa Mama Miriamu, mwanamke wa Kivu ya Kusini aliyeuza unga wa muhogo, na kati yake na Nicodème kulikuwa na jambo. Mwaka uliopita wanakwaya walivuna mahindi na maharage, wakauza, wakachanga fedha, wakamtuma Nicodème, mtu anayeijua Mbarara, akawanunulie kinanda. Alirudi na shati lililochanika na habari ndefu ya majambazi wa daraja la Nyamitanga. Tangu hapo Kabanda, mpiga kinanda wao, mzee wa meno machache na vidole virefu, alifanya mazoezi kwenye ubao. Alikuwa amechora funguo zote kwa mkaa, nyeupe na nyeusi, na kila Jumapili aliuweka magotini na kuupiga kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila sauti hata moja. Wageni walicheka. Wanakwaya hawakucheka, maana kila mmoja alijua ubao ule ulitokana na gunia lake mwenyewe la maharage.

"Nicodème," alisema Miriamu alipomwona mlangoni mwa kanisa. "Kinanda yetu iko wapi?"

"Mama, wale majambazi bado wanatafutwa."

"Bale majambazi balikuibia feza, halafu bakakuachia viatu mupya?"

Nicodème aliingiza miguu chini ya benchi. "Mama Miriamu, nimekuja na neema. Kuna patron mmoja anakuja Jumamosi kupima mashini yake. Nikigusa kofia yangu, nyinyi mchezeshe midomo tu, bila sauti. Nikigusa tena, mwimbe. Akifurahi atawakumbuka."

"Atatukumbuka na nini?"

"Na roho nzuri."

Miriamu alimtazama Kabanda, aliyekuwa pembeni anaukolezea ubao wake mkaa mpya.

"Sawa," alisema. "Kuimba bila sauti tunajua. Kabanda ananyamaza mwaka muzima sasa."

Tapeli mwenye akili angeshtuka kuona mwanamke yule amekubali upesi hivyo. Nicodème alikuwa na akili nyingi, lakini siku hiyo alikuwa anazitumia zote kuhesabu.

Jumamosi Katsigazi alifika na gari lake na wachungaji wake wawili wa ng'ombe wenye fimbo, ambao walibaki nje ya kanisa wakitafuna miwa. Kwaya ilikuwa imesimama tayari, watu ishirini na ngoma mbili. Nicodème alimvisha mzee kaske kwa heshima zote. Kwaya ikaanza, na mabati ya kanisa yakatetemeka.

"Nasikia!" alipiga kelele Katsigazi. "Nasikia yote!"

"Bado sijawasha, patron."

Akawasha kitaa cha kijani, na hapo hapo akagusa kofia. Sauti zikakatika. Midomo ishirini iliendelea kufunguka na kufungika, mabega yaliendelea kuyumba, wapiga ngoma walipiga hewa kidole kimoja juu ya ngozi, na jasho la ibada liliwatiririka vilevile. Dada mmoja, Irakiza, alisahau akatoa "haleluya" nusu, jirani yake akamkanyaga, akaimalizia kwa macho.

Katsigazi alisimama kinywa wazi. Kitaa kikazimwa, kofia ikaguswa, mabati yakatetemeka tena. Kikawashwa, kimya. Alitaka irudiwe mara nne. Ya tano alibonyeza swichi mwenyewe, akachekelea kabisa.

"Tata we! Naona midomo, sauti hapana! Lakini pikipiki imepita huko nje, hiyo nimesikia."

"Injini lazima uisikie, patron. Rubani asiyesikia injini yake atajuaje kama imezimika?"

Katsigazi aliliandika hilo daftarini. Mtu aliyetoka nyumbani kutafuta dawa ya kelele za injini sasa alikuwa ananunua kifaa kinachozima kila kitu isipokuwa injini, na alikuwa anashukuru.

Nicodème akanyoosha mkono kupokea bahasha. Katsigazi akafunua ukurasa mwingine.

"Ngoja. Hapa imeandikwa, mtu avae saa mbili, aone kama inabana kichwa. Mimi nimechoka. Vaa wewe. Ukitoa kabla saa mbili iishe, najua inabana, na hapana nunua."

Tapeli alikubali. Saa mbili za kukaa kwenye benchi kwa milioni mbili, hata waziri angekaa. Akavaa, kitaa kikawashwa, akaweka tabasamu la mtu aliyezama kwenye utulivu.

Miriamu akasogea karibu na mzee.

"Muzee, huyu hatusikie sasa?"

"Hapana sikia."

"Kabisa? Umujaribu kwanza."

Katsigazi akanyata hadi nyuma ya benchi, akanguruma, "Nyoka! Nyoka iko kwa mguu yako!"

Nicodème aliendelea kulitabasamia dirisha. Kwa ndani alikuwa amekwisha kupanda juu ya paa.

"Basi tuongee biashara," alisema Miriamu. "Huyu ni mubeba mizigo tu. Ile kaske inatoka ku feza ya kwaya. Kila kitu iko nayo, hata bile viatu, ni feza ya kwaya."

"Yeye alisema ni ya shemeji yake."

"Mwenyewe iko hapa. Umuulize."

"Wewe!" alipaza sauti Katsigazi. "Ni ya shemeji, au ni ya kwaya?"

Mshipa mmoja ulijitokeza shingoni mwa Nicodème, ukarudi. Tabasamu halikutikisika.

"Hajakataa," alisema Miriamu. "Sasa, sisi hatutake feza. Feza yetu inapoteaka ku daraja ya Nyamitanga. Tunataka kinanda. Iko mu duka moja Mbarara, Kabanda anajua fasi. Ni milioni moja na nusu. Ununue leo, ikuye leo, kaske uende nayo."

Katsigazi alipiga hesabu haraka. Alikuwa ameokoa nusu milioni bila hata kubishana, na jambo hilo lilimgusa moyo kuliko nyimbo zote za asubuhi ile. Akampigia dereva wake aliyekuwa mjini na gari la maziwa, akinunue kile kinanda.

Hapo Nicodème akaivua kaske. "Patron, samahani, nimepumzika kidogo tu. Mnaongea nini?"

"Hapana kitu. Inabana?"

"Haibani!"

"Basi rudisha."

Akarudisha. Angefanya nini? Akisema amesikia, kaske ni ya uongo, na wale wachungaji wawili walikuwa wamemaliza miwa yao. Asiposema, kinanda kinakuja. Nimewahi kuona watu wamefungwa kwa kamba na kwa pingu, lakini sijaona aliyefungwa kwa sponji mbili kama yule.

Miriamu akasimama mbele yake wima, kama karani wa mahakama. "Nicodème, hii mapatano kama haikupendeze, sema."

Kimya.

"Moja!" ikahesabu kwaya.

"Nicodème, mbele ya hii batu yote, unakataa?"

Kimya.

"Mbili!"

"Mara ya mwisho. Sema, ao unyamaze." Alinong'ona, karibu kwa upole. "Tulikuamini, Nicodème. Kabanda alilia."

Hapo tabasamu lilitetemeka kidogo pembeni. Wengine wanasema ilikuwa aibu, wengine wanasema nzi.

"Tatu!"

Katsigazi alikuwa anamwangalia tapeli kwa mshangao uliokaribia heshima. "Kweli hii mashini ni kali," alisema. "Unachukua mali ya mtu mbele ya macho yake, na yeye anacheka tu! Sasa nimeamini."

Saa ya pili ilipokaribia kuisha, gari la maziwa lilifika. Wakafungua boksi. Kabanda alikigusa kinanda kwa kidole kimoja kwanza, sauti ikatoka, naye akautoa mkono kama aliyeungua. Alikuwa amesahau kwamba funguo hujibu. Kisha akaketi, akapiga wimbo wote aliokuwa akiupiga kwenye ubao mwaka mzima, na hakukosea hata mahali pamoja. Wanawake walilia waziwazi. Mguu wa kulia wa Nicodème ulianza kufuata mdundo. Akaukanyaga kwa wa kushoto, akaushikilia hapo hadi wimbo ulipokwisha.

"Saa mbili!" alitangaza Katsigazi, na kumvua kaske kwa mikono yake mwenyewe.

Nicodème akatazama kila upande. "Hee! Kinanda! Imetoka wapi?"

Miriamu akamweleza yote kwa utaratibu, mbele ya mashahidi ishirini, pamoja na zile mara tatu alizoulizwa.

"Ulisikia tunakuuliza?" alidakia Katsigazi, kwa ghafla kidogo.

Watu wote walimgeukia Nicodème. Wachungaji walikuwa wameegemea mlango.

"Hapana, patron," alisema Nicodème, na macho yakamjaa machozi. "Sikusikia kitu."

"Mashini nzuri sana!" alisema Katsigazi. Akaondoka nayo. Nasikia kule uwanjani wanakolaza vindege vyao anaisifia hadi leo kuwa hakuna kama hiyo nchi nzima. Marubani wenzake wakitaka kuijaribu, anasema iko kwenye chaji.

Nicodème naye aligeuka aondoke, lakini Kabanda akamwita. Mzee alikuwa ameushika ubao wake kifuani. Aliufuta vumbi kwa mkono wa shati, taratibu, akamkabidhi.

"Chukua. Mubeba mizigo lazima alipwe," alisema. "Iko na funguo yote. Haiombe betri, haibane kichwa, na kwa kuzima sauti inapita ile ya muzee. Nenda uiuze."

Nicodème akauweka begani. Alipofika barabarani kwaya ilianza wimbo mpya, kinanda mbele na sauti zote nyuma, na safari hii alikuwa na ruhusa ya kuusikia.