Zile Kanzu Nyeupe Nani Anazifua

Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu mpenzi, salamu nyingi. Mama mkwe anakusalimu, goti bado linamsumbua, ulimi mzima. Binti mkubwa anakusalimu, yuko kwenye mitihani, hali vizuri, namkazania. Wa kati anakusalimu, amerefuka, sketi zote zimemkataa. Kitindamimba anakusalimu na plasta kidevuni: aliruka kutoka juu ya kabati akisema anatembea hewani. Hata paka anakusalimu. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa hasira.

Shemeji yako hakusalimu. Hayupo. Na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Uliniambia nisikupigie tena simu nikiwa nimechemka. Niandike kila siku, daftari likijaa nilitume. Haya, naandika. Kalamu inataka kutoboa karatasi. Usimsomee mtu.

Yuko kwa Msusi, yule mwenye saluni ng'ambo ya barabara. Amenunua televisheni kubwa kama mlango. Jioni akishafagia nywele anapanga viti, majirani wanaingia kutazama filamu za Kichina, zile za mapanga na kanzu ndefu. Baba Watoto hakosi hata moja. Anarudi kutoka kutengeneza majokofu ya watu, anaoga, anajipaka mafuta, anavuka barabara. Anaoga! Mtu ambaye miaka yote namfukuza na ndoo.

Kwetu televisheni ipo. Ndogo, lakini ipo. Filamu hizo hizo tulikuwa tunazitazama hapa, mimi na yeye kochi moja, tangu binti mkubwa yuko mgongoni. Na mimi nazipenda, siwezi kusema uongo. Mtu anakanyaga jani la mwanzi na jani halikatiki. Wapenzi wanapigana kwa mapanga na hakuna anayetaka kumkata mwenzake, macho tu yanazungumza, maua yanawaangukia begani. Unasahau hata kama kuna nguo umeloweka.

Nilimwuliza kwa upole kule kuna nini kisichokuwepo hapa. Mama mkwe anasema nilipiga kelele. Ilikuwa kwa upole. Akanijibu kule picha inaonekana vizuri.

Picha. Sawa. Kesho nakwenda kusukwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimesukwa upande mmoja. Upande wa pili uko kama ulivyoamka. Ngoja nieleze.

Nilikwenda jioni makusudi, ili filamu inikute kichwani mwangu kuna mikono ya mwenye saluni na asiweze kunifukuza. Msusi mwenyewe akanipokea kwa heshima, wifi karibu, wifi kaa hapa. Wifi! Tangu lini mimi na yeye ni mawifi? Ndivyo wanavyoanza.

Watu wakaja, taa ikazimwa. Baba Watoto akapita, akakaa nyuma kabisa pembeni. Hakuniona, nilikuwa na taulo usoni.

Mdogo wangu, ile filamu. Binti mmoja wa kanzu nyekundu kwenye uwanja uliojaa theluji. Nyekundu juu ya nyeupe. Mikono ya kanzu mirefu kama mto, akiizungusha unaona upepo. Kijana ana panga, amekuja kumuua, ameagizwa huko kwao. Akafika, akashindwa. Wakasimama tu. Binti hakusema hata neno. Filamu karibu yote hakusema neno.

Nikageuza macho. Baba Watoto analia. Machozi yanashuka hadi kwenye ndevu. Mwanamume huyu alipozaliwa kitindamimba alisema tu, haya, vizuri. Sasa analilia binti asiyemjua!

Na nikamsikia akimwambia mwenye duka la viatu aliyekaa mbele yake, kwamba yule binti hasemi kitu lakini unamsikia wote.

Hasira ikanipanda. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, huyo hasemi kwa sababu ameganda, amevaa kitambaa chepesi kwenye baridi namna ile, mama yake yuko wapi? Na vita vile vyote, matope yale, kanzu za askari bado nyeupe, nani anazifua? Mimi nafua mashuka ya nyumba ya wageni miaka yote hii, najua doa la matope. Nioneshwe dobi mmoja tu katika filamu hizi.

Watu wakaanza kusonya. Msusi akaacha kusuka, akaniambia wifi, kwa leo tuchague, filamu au wewe. Nikainuka. Baba Watoto akazama kwenye kiti kama anayetafuta shilingi chini.

Mama mkwe aliponiona akauliza kama nimepigana. Nikamwambia bado.

Alhamisi, 6 Juni

Jana sikuandika, nilikuwa nashona. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikalichukua pazia jekundu la sebuleni, nikalikata kanzu. Kanzu ya mikono mirefu, inaburuta. Anataka nyekundu? Ataiona nyumbani kwake.

Mpango ulikuwa hivi. Leo ni siku ya mashuka ya nyumba ya wageni. Yakishaanikwa, uwanja wangu wote unakuwa mweupe, kamba hadi kamba, upepo ukija yanajaa na kuteremka, ukipita katikati huoni nyumba wala ukuta. Wewe unaujua uwanja huo. Nikawaza, hii si theluji? Hii ni theluji kabisa. Yeye anapita hapa kila jioni na mkoba wake wa vifaa. Mimi nitatokea katikati, polepole, nyekundu juu ya nyeupe.

Nikaifua kanzu kwanza, pazia lilikuwa na vumbi. Nikaianika katikati ya mashuka nione inavyokaa. Ilipendeza hadi nikasimama na ndoo mkononi. Nikaiacha pale makusudi, niendelee kuitazama nikiwa jikoni.

Manyunyu yakapita. Si mvua. Manyunyu tu.

Dobi mwenye akili angekumbuka kwamba pazia lile lilikuwa halijawahi kufuliwa kabla ya leo, na rangi yake ingechuja. Mimi nilikumbuka nilipoona shuka la kwanza limekuwa la waridi. Kisha la pili. Upepo ulikuwa unayapigapiga kwenye kanzu kama unayabusu. Safu nzima ya waridi. Nililia, nikatukana, nikamtukana na binti wa filamu.

Ndipo nikasikia geti. Hakuna muda. Nikaivaa hivyo hivyo mbichi, nikajipenyeza katikati ya mashuka, nikatokea.

Akasimama. Akaweka mkoba chini. Mdogo wangu, alinitazama. Hakucheka. Alinitazama kama siku ile alipokuja kwa baba yetu na shati la kuazima. Shuka likapita kati yetu, likaondoka, bado ananitazama. Akaja taratibu, akainua mkono anishike shavu.

Nikauona ule mkono. Umejaa grisi. Nikamwambia asiguse mashuka ya watu, anawe kwanza, na hivyo viatu amekanyaga wapi, na je, amekula mchana au ameshindia chai, maana amekonda, na asiniambie ni kwa Msusi wanakomkondesha. Nikataka kumwonesha pa kunawia, mkono wa kanzu ukanasa kwenye kamba. Kamba ikakatika. Mashuka yote yakatushukia.

Tulipotoka chini yake aliniuliza kama nimeumia. Nikamwambia moyoni. Akavuta pumzi, akanawa, akavuka barabara.

Unaona? Alikuwa ameshafika shavuni! Huyo mwanamke amemroga.

Mama mkwe anauliza pazia liko wapi.

Ijumaa, 7 Juni

Meneja wa nyumba ya wageni ameyakataa mashuka ya waridi. Nilijaribu kumwambia kwamba rangi hiyo inatuliza usingizi. Akasema yeye aliagiza nyeupe, na kwamba nikiyarudisha Jumatatu hayajawa meupe atamtafuta dobi mwingine.

Siku nzima nimekuwa kwenye karai na dawa ya kuondoa rangi. Macho yanawasha, kucha zimelainika. Binti mkubwa akaacha kitabu aje kunisaidia, nikamrudisha, asome. Nilikuwa nasugua na kuwaza wale watu wa filamu. Mtu ananing'inia kwenye mwamba kwa kanzu nyeupe, anavuka moto, anazika rafiki kwa mikono yake, akisimama nyeupe pee. Huo ni uongo! Wanatuharibia kazi. Meneja naye nina hakika anatazama filamu hizo, ndiyo maana anadhani weupe unajileta wenyewe.

Baba Watoto alikunja mikono ya shati akataka kunikamulia. Nikamwambia aende zake huko kwa wasiosema.

Akaenda. Mtu mwenye mapenzi angebaki.

Jumamosi, 8 Juni

Leo sikutaka mpango. Nilitaka vita. Mashuka yako kwenye kamba, mengi yamerudi kuwa meupe, nikajifuta mikono nikavuka barabara asubuhi, kabla ya wateja. Nikamwambia Msusi namtaka mume wangu.

Hakukasirika. Alikuwa anaosha vitana, akaendelea kuosha. Akanivutia kiti. Sikukaa. Akasema, "Wifi, kaka anakuja hapa kupumzisha masikio. Ameniambia tangu mmeoana hajawahi kusikia mwisho wa filamu hata moja."

Nikamwambia huo ni uzushi. Mimi ndiye ninayemweleza mwisho kabla haujafika!

Akanionesha pale nyuma pembeni. Viti viwili. Akasema, "Anakaa hiki. Hiki cha pili anaweka kofia yake, watu wakijaa anakikatalia. Nilimwuliza ni cha nani. Akasema cha mama watoto, siku akipata nafasi."

Hapo nikakaa. Nilikaa kwenye kile cha pili. Kinaiona televisheni vizuri, kwa kweli.

Msusi akanimalizia upande wa pili wa kichwa. Hatukuongea sana. Yaani yeye hakuongea.

Nimeondoka pale bado nina hasira naye. Kwa nini hakuniambia mapema?

Jumapili, 9 Juni

Nimemwambia Baba Watoto alete filamu nyumbani, nitanyamaza. Akanitazama. Mama mkwe akacheka hadi akashika goti. Nikaapa. Akaenda kuazima kwa Msusi ile ambayo watu wanasema ndiyo nzuri kuliko zote.

Jioni tukakaa. Yeye na mimi kochi letu, mama mkwe kwenye kiti chake, watoto chini. Ili niwe na hakika, nikabana kibanio cha nguo kwa meno, kama ninavyofanya nikianika. Dobi akiwa na kibanio mdomoni haongei, mikono tu.

Na nikanyamaza! Binti akapanda mlima peke yake. Nikanyamaza. Akalala nje bila blanketi, nikauma kibanio. Kijana wake akaja na mtumbwi kwenye ziwa la kijani, maji yametulia kama kioo, wote wawili wa kanzu nyeupe, wakaanza kupigana juu ya maji wakiyagusa kwa ncha za vidole. Mdogo wangu, kumbe kuna muziki! Sikuwahi kujua filamu hizi zina muziki. Filimbi moja tu, mbali, inapanda na kushuka nao.

Baba Watoto akaushika mkono wangu. Ule wenye kucha zilizolainika. Akauweka gotini kwake. Nilikuwa nasikia anavyohema. Nikajiambia, haya, ndiyo haya waliyokuwa wanayapata kule.

Kisha adui akamchoma yule binti. Damu ikafunguka kifuani, kwenye ile kanzu, taratibu kama ua. Kijana akambeba hadi kibandani, akamlaza. Watoto wanalia, Baba Watoto analia, mama mkwe analia. Binti akafungua mdomo amwambie kijana lile neno alilomficha filamu nzima. Na kijana, mjinga yule, akainua birika lenye mvuke akachovya kitambaa, akaanza kumfutia damu kwa maji ya moto.

Maji ya moto! Damu!

Kibanio kilimpiga mama mkwe kwenye paji la uso. Nikamwambia yule kijana aweke birika chini, damu ni maji baridi, baridi kabisa, ukitia moto inashika haitoki milele, unaiharibu kanzu ya mtoto wa watu. Na kwa sababu watoto walikuwa pale na ni jambo la kujua, nikawaeleza vizuri: damu, jasho, maziwa, yai, kila moja na maji yake. Nilipomaliza, majina ya watu yalikuwa yanapanda kwenye kioo.

Baba Watoto akauliza taratibu, "Alimwambia nini?"

Hakuna aliyesikia. Akaunyanyua mkono wangu kutoka gotini kwake, akanirudishia, akavaa kofia, akavuka barabara kumwuliza Msusi.

Jumatatu, 10 Juni

Mashuka yamepokelewa. Meneja ameyakagua moja moja kwenye mwanga, akasema sawa. Hilo limekwisha.

Hasira zangu zote leo ziko kwa yule kijana wa birika. Yeye ndiye aliyeharibu. Nilikuwa nimetulia, mkono uko gotini, mambo yanakwenda, akaleta maji ya moto.

Baba Watoto amerudi kimya, hanisemeshi, lakini sahani yangu aliiosha. Kuhusu neno la binti hataki kuniambia. Anasema nitazame mwenyewe. Msusi amemwambia filamu tunaweza kukaa nayo hadi Jumamosi, tuirudie, mimi na yeye tu, watoto walale.

Basi nimefikiri sana nikifua, na kosa nimelijua. Nilikaa mbali. Kutoka kwenye kochi sauti yangu haimfikii yule kijana. Jumamosi nitavuta kigoda mbele kabisa, karibu na kioo, na akishika tu lile birika nitamwahi.

Ila kanzu ya yule binti ni ya hariri, na hariri sijawahi kuifua, na wewe huko ulipo umewahi kufanya kazi kwa matajiri. Je, damu kwenye hariri unatia chumvi, au ni maji baridi peke yake? Daftari halijajaa, lakini nalituma leo; niletee jibu upesi, kabla ya Jumamosi, nisije nikampotosha.